Sestasi ya Caligula na dada zake watatu: pesa iliyoamriwa iyeyushwe

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 43 BK Baraza la Seneti la Roma lilitoa amri kwamba pesa zote za shaba zenye sura ya Gaius, yule mtawala wa Roma tunayemjua zaidi kwa jina la Caligula, ziyeyushwe. Mwenye sura alishakufa miaka miwili nyuma, kauawa na walinzi wake mwenyewe. Habari hii tunaipata kwa Cassius Dio, aliyeandika historia ya Roma. Sasa swali ambalo limenikaa kichwani muda mrefu ni hili, je amri ile ilifika kweli kwenye mifuko ya watu? Manake karibu miaka 2000 imepita na sarafu za huyu jamaa bado zipo, watu wanazinunua na kuziuza kila siku, makumbusho makubwa yanazo, na kuna moja ambayo mimi kila nikiona picha yake nasimama kwanza niiangalie vizuri.

Ni ile ya dada watatu.

Hebu tuanze na kitu chenyewe. Ni sestasi, pesa kubwa kuliko zote za shaba kwa wakati ule, upana wake kama milimita 35 hivi na uzito wa gramu 25 kwenda juu, yaani ukiwa nayo kiganjani unajua kabisa umeshika kitu. Tunasema shaba kwa kufupisha tu ila sestasi ilikuwa ya orikalko, shaba iliyochanganywa na zinki, na ikiwa mpya ilikuwa ya manjano inang'aa karibu na dhahabu, hii rangi ya kahawia na kijani tunayoiona leo ni kazi ya udongo na miaka. Sestasi 4 zilifanya dinari 1 ya fedha, hiyo hiyo dinari wasomaji wa Biblia wanayoijua, na sestasi 1 ilikuwa sawa na asi 4, asi ndo ilikuwa chenji ya kawaida ya sokoni. Askari wa lejioni, yaani kikosi kikubwa cha jeshi la Roma, alilipwa dinari 225 kwa mwaka, ambayo ni sestasi 900, kwa hiyo ukipiga hesabu sestasi moja haifiki hata nusu ya mshahara wake wa siku. Kwa hiyo ni pesa ya matumizi, mtu anaitoa mfukoni, anampa muuza mikate, muuza mikate anampa mtu wa kuni, inazunguka.

Mbele kuna kichwa cha Gaius kinaangalia kushoto, kavaa taji la majani ya laureli, na pembeni maandishi yanazunguka: C CAESAR AVG GERMANICVS PON M TR POT. Maana yake Gaius Kaisari Augusto Germanicus, kuhani mkuu, mwenye mamlaka ya mtribuni, yaani mtetezi wa raia. Hiyo C ya mwanzo ndo Gaius, Warumi jina hilo walilifupisha kwa herufi C. Ishike hiyo C, tutaihitaji huko mbele.

Nyuma ndo kwenye mambo. Wanawake watatu wamesimama, na kila mmoja jina lake limeandikwa kabisa: AGRIPPINA, DRVSILLA, IVLIA. Ni dada zake wa damu, wako hai, wote ni wasichana wa miaka ishirini na kidogo au hata chini ya hapo. Lakini wamevalishwa vitu vya miungu. Agrippina kaegemea nguzo, na nguzo ni alama ya Securitas, yaani Usalama. Drusilla yuko katikati, mkononi ana bakuli ya tambiko, yeye ni Concordia, Mapatano. Julia, ambaye jina lake lingine ni Livilla, kashika usukani wa chombo cha baharini, huyo ni Fortuna, Bahati. Na wote watatu wana ile pembe iliyojaa mazao, ishara ya neema. Chini kuna herufi mbili, S C, kifupi cha kusema imetolewa kwa uamuzi wa Seneti.

Kuweka wanawake walio hai kwa namna hii lilikuwa jambo zito. Kwenye miaka ya 22 na 23, wakati wa Tiberius, mtawala aliyemtangulia Gaius, Livia, mama yake Tiberius, alipewa heshima kwenye sestasi akiwa bado hai, ila lilichorwa gari la nyumbu wawili na jina lake, yeye mwenyewe hayumo. Hapa ni mabinti watatu, miili yao, majina yao, na uungu juu yake.

Kwa nini alifanya hivi? Mimi naona ukiangalia huyu dogo alikotoka utaelewa, wala huna haja ya kukimbilia zile habari za wazimu zinazopendwa sana. Gaius alizaliwa mwaka 12, baba yake alikuwa Germanicus, jemadari aliyependwa na watu kupita kiasi, na utoto wake ulipita kwenye kambi za jeshi kule Mto Rhine, ndo askari wakambatiza Caligula, kiatu kidogo cha jeshi, kwa sababu alivalishwa sare ndogo ya kwao. Mwaka 19 baba akafa Antiokia. Mama yake, Agrippina mkubwa, alipelekwa uhamishoni kisiwani Pandateria akafia huko mwaka 33. Kaka mmoja alikufa mwaka 31 uhamishoni, wa pili mwaka 33 kafungiwa na kunyimwa chakula mpaka kafa. Nyumba nzima imefutwa na Tiberius, wamebaki yeye na dada zake watatu tu. Halafu tarehe 16 Machi 37 Tiberius anakufa na siku mbili baadae Seneti inamtambua huyu kijana wa miaka 24 kuwa mtawala. Moja ya mambo yake ya mwanzo kabisa ni kupanda chombo mwenyewe kwenda visiwani kuchukua majivu ya mama na ya kaka yake, akayaleta Roma na kuyaweka kwenye kaburi la Augusto, mtawala wa kwanza wa dola ya Roma.

Kwa hiyo hao dada kwenye sarafu sio pambo. Ni masalia ya nyumba ya Germanicus, na watu wa Roma walikuwa na machungu na nyumba hiyo. Gaius aliwapa dada zake haki za mabikira wa Vesta, wale makuhani wa kike wa mungu Vesta walioheshimiwa sana Roma, na akaenda mbali zaidi, majina yao yakaingizwa kwenye viapo. Suetonius, aliyeandika maisha ya watawala wa Roma, anaeleza kwamba watu waliapa kuwa hawatajipenda wao wala watoto wao kuliko Gaius na dada zake, na makonsuli, maafisa wakuu wa Roma, kwenye mapendekezo yao walitanguliza maneno ya kuwatakia heri Gaius Kaisari na dada zake. Sasa unganisha kiapo na sarafu. Kiapo unakisikia mara moja moja, sarafu unaishika kila siku, na hata asiyejua kusoma anaona nguzo, anaona bakuli, anaona usukani, anaona pembe ya neema, anaelewa kwamba hii familia ndo inasimamisha nchi. Kama kazi ya kutangaza utawala mpya kwa picha mimi nasema ni kazi safi sana, fundi aliyechonga ule muhuri wa kugongea sarafu alijua anachofanya.

Ila hapo hapo ndo kuna tatizo, na naomba niseme taratibu kwa sababu hapa ndo kisa kinapogeuka. Mungu wa kike Concordia hafi. Ukichora Concordia peke yake, bila jina la mtu, sarafu inaweza kutembea miaka mia na ujumbe wake ukabaki pale pale. Ukimpa Concordia sura na jina la Drusilla, basi Mapatano ya dola umeyatundika kwenye uhai wa binti mmoja, na homa ikimpata binti, homa imeipata dola.

Na ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 10 Juni 38 Drusilla akafa. Gaius alimlilia kwa namna iliyowashtua hata waliomzoea, kisha mwezi Septemba mwaka huo Drusilla akatangazwa kuwa mungu, mwanamke wa kwanza Roma kupata hilo. Seneta mmoja, Livius Geminius, aliapa kwamba kamuona kwa macho yake akipaa mbinguni, na kwa kiapo hicho Dio anasema alizawadiwa sestasi 1,000,000. Bila shaka hakupewa kwa shaba, ila jaribu kufikiria tu, sestasi milioni moja za gramu 25 ni tani 25 za chuma cha manjano kwa ushahidi wa mtu mmoja aliyesema kaona kitu angani.

Mwaka uliofuata, 39, mambo yakaharibika kabisa. Lepidus, aliyekuwa mume wa Drusilla, akatuhumiwa kupanga njama pamoja na Gaetulicus, kamanda wa jeshi la Rhine ya juu, na Agrippina na Livilla wakatajwa humo. Wanaume wakauawa. Dada wawili wakatupwa visiwani, na Agrippina alilazimishwa kubeba majivu ya Lepidus mikononi kurudi nayo Roma. Panga tatu zilizosemekana kuandaliwa kumuua, Gaius akazituma hekaluni kwa Mars Mlipiza Kisasi, mungu wa vita. Sasa mchukue yule muuza mikate, siku hiyo anafungua droo yake, sestasi ipo humo inang'aa vilevile. Mapatano amekufa. Usalama yuko kisiwani amefungwa. Bahati yuko kisiwani kingine. Muhuri ule una miaka miwili tu. Mimi sijui kama kuna sarafu nyingine ya Roma ambayo picha yake iliisha maana haraka namna hii huku chuma chenyewe bado ni kipya.

Na bado ilikuwa inapokelewa! Hilo ndo jambo naomba msomaji asilipite. Mkate ulinunuliwa nayo kama jana.

Tuje sasa kwenye kifo. Tarehe 24 Januari 41 Cassius Chaerea, afisa wa kikosi cha walinzi wa mfalme, na wenzake walimuua Gaius kwenye njia ya jumba la kifalme, na mkewe Caesonia na mtoto wao mdogo wakauawa pia. Walinzi wakamtoa Claudius, baba yake mdogo, wakamfanya mtawala. Seneti ilitaka kumlaani Gaius rasmi, jina lake lifutwe kabisa, Claudius akakataa isipitishwe. Alichofanya ni kuondoa sanamu zake usiku kimya kimya. Unaona ujanja wa mzee? Ukimlaani mtawala aliyeuawa na walinzi wake unakuwa umesema kwamba kuua mtawala ni halali, na yeye mwenyewe ndo mtawala sasa. Kwa hiyo sanamu zinaondoka, laana haipo.

Halafu miaka miwili baadae ndo inakuja ile amri ya pesa, na Dio anaongeza jambo moja linalouma. Anasema shaba iliyeyushwa kweli ila haikupelekwa kwenye kazi ya maana, kwa sababu Messalina, mke wa Claudius, aliitumia kutengenezea sanamu za Mnester, mcheza maigizo aliyempenda. Na Mnester huyo huyo alikuwa kipenzi cha Gaius enzi zake. Yaani sura ya Gaius imetoka kwenye sarafu ikageuka sura ya mtu wake.

Kwa nini shaba na sio dhahabu na fedha? Dio anazungumzia pesa ya shaba, na mtazamo wangu ni kwamba jibu liko kwenye zile herufi mbili za chini, S C. Pesa za shaba kwa kawaida zilibeba jina la Seneti, dhahabu na fedha hazikubeba. Waheshimiwa wale, ambao Gaius aliwadhalilisha na baadhi yao akawaua, kila wakishika sestasi yake waliona sura yake upande mmoja na jina la baraza lao upande wa pili kama vile waliidhinisha. Nadhani ile amri ilikuwa ya kujisafisha wao kuliko kumwadhibu marehemu. Cha kuangalia ni kwamba walipokuwa na nafasi ya kuweka laana walizuiwa, kwa hiyo wakapiga pale ambapo mkono wao ulikuwa unafika.

Sasa je ilifanya kazi? Hapa hatutegemei Dio, tunategemea chuma.

Kitu cha kwanza, asi. Gaius alitoa asi nyingi sana zenye kichwa chake mbele na nyuma Vesta amekaa kwenye kiti chake, na hizo leo ndo pesa yenye sura yake inayopatikana kirahisi kuliko zote, mkusanyaji wa kipato cha kawaida anaweza kuipata. Kama amri ingetekelezwa sawasawa tusingekuwa nazo kwa wingi huo. Sestasi za dada watatu ni adimu na bei yake ni kubwa, sehemu kwa sababu kila mtu anazitaka, lakini mimi naona kuna sababu nyingine pia, sestasi ni pesa kubwa, inapita kwa wabadili fedha na kwa wakusanya kodi, huko ni rahisi kukamatwa, wakati asi inaishi chini kabisa, kwa mama muuza mboga na kwenye kikombe cha omba omba, nani ataenda kuikagua huko.

Pili, kuna asi za Agrippa, babu yake mzaa mama, zenye kichwa cha Agrippa mbele na Neptune, mungu wa bahari, nyuma, ambazo wataalamu wengi wanaziweka kwenye utawala wa Gaius. Hizi ni nyingi kupita maelezo na hakuna aliyezigusa kwa sababu sura ya Gaius haimo. Hii inatuonyesha mipaka ya amri yenyewe, ililenga sura, haikulenga pesa ya kipindi kile.

Tatu, jeshi. Mwaka 43 huo huo ambao Seneti inasema yeyusheni, Claudius anavusha majeshi kwenda kuivamia Britania. Lejioni zinavuka bahari, askari wanahitaji chenji ya kununulia mvinyo na kurekebishia viatu, na chenji huko magharibi ilikuwa ya shida, tunajua hivyo kwa sababu miaka iliyofuata watu wa Gaul (Ufaransa ya leo) na Britania walijitengenezea nakala zao za shaba za Claudius, zingine mbaya kabisa, na zikapokelewa tu. Kwenye hali hiyo nani atakusanya asi nzuri za Gaius azitupe kwenye tanuru? Walichofanya sehemu za Rhine ni kugonga mihuri midogo juu ya pesa za zamani yenye herufi za jina la Claudius, sarafu inakuwa imethibitishwa upya na inarudi kazini.

Nne, lugha. Mshairi Statius, akiandika kwenye miaka ya 90, alipotaka kusema kitu ni cha bei ya kutupa alisema asi ya Gaius. Wengine wanachukua hii kama ushahidi kwamba amri ilifanikiwa na pesa zile zilikosa thamani. Mimi nasoma kinyume, maneno ya namna hiyo hayaeleweki kama kitu chenyewe hakijulikani, miaka 50 baada ya amri msomaji wa Roma bado alikuwa anaijua asi ya Gaius inafananaje. Thamani ya heshima ilishuka, hilo nakubali. Kuzunguka iliendelea.

Kwa hiyo hukumu yangu kwenye kisa hiki ni kwamba amri ya mwaka 43 ilishika Roma kwenyewe na kwenye pesa kubwa kiasi fulani, ikapwaya kila ilipokwenda mbali na kila pesa ilipokuwa ndogo. Na kilichoiangusha sio mapenzi ya watu kwa Gaius, ni uhaba wa chenji. Mtu anaweza kumchukia mtawala kutoka moyoni na bado akaitunza asi yake vizuri kwa sababu kesho anahitaji mafuta ya kutia kwenye taa yake.

Na kuna hawa dada. Claudius aliwarudisha wote wawili mwaka 41. Livilla hakudumu, alipelekwa tena uhamishoni mwaka huo huo na huko akauawa, mkono wa Messalina ukitajwa. Agrippina alinyamaza akasubiri. Mwaka 48 Messalina akauawa, na Mnester naye, na mwaka 49 Agrippina akaolewa na Claudius, ambaye ni baba yake mdogo wa damu, sheria ikabidi ibadilishwe kwanza. Baada ya hapo sura yake ikaingia kwenye dhahabu na fedha ya Roma, kichwa chake kabisa upande mmoja wa sarafu. Kumbe ile tanuru ya mwaka 43, kwa kumfuta Gaius, ilikuwa inamyeyusha na malkia mtarajiwa akiwa kaegemea nguzo yake, na hakuna aliyefikiria, kwa sababu wote walikuwa wanaangalia upande wa kichwa.

Sasa turudi kwenye ile C niliyosema uishike. Kuna sarafu za Gaius zimesalia ambazo mtu alichukua patasi au tupa akaifuta hiyo herufi moja tu, ile ya kwanza. Zingine zimekatwa usoni kwa hasira, hizo zinaeleweka haraka, lakini hizi za C zimenifikirisha zaidi. Uso umeachwa. Taji limeachwa. Maandishi mengine yote yameachwa. Ukitoa C kinachobaki ni CAESAR AVG GERMANICVS, na jina kamili la Claudius lilikuwa Tiberius Claudius Caesar Augustus Germanicus. Yaani yule mtu, sijui alikuwa kwenye kibanda cha kubadilia fedha au kambini karibu na moto, ameondoa jina la aliyeuawa, akaacha jina ambalo linamfaa pia mzee aliyepo madarakani, sarafu haikupungua hata gramu ya maana, akaipangusa vumbi la shaba na kuirudisha mfukoni ikiwa bado na thamani yake ile ile.